Flashi Iliyofungwa Kwenye Pindo la Kitenge

Sifa, mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: umetoka hapa sasa hivi ukinung'unika kwamba viatu vipya vinakubana, ukaenda navyo hivyohivyo kumuaga Papa Deo, kwa sababu weye ukishavaa kitu hukubali kwamba kimekushinda. Hiyo tabia umeitoa kwangu. Baba yako yuko uani anapigana na zipu ya sanduku lako. Nimemwambia aipake sabuni, amesema anajua. Kama anajua, mbona bado yuko uani?

Umeme umekwenda tangu saa sita. Mashine ya kompyuta imelala, nami nimekaa palepale ulipozoea kuniona, kwenye meza ya hiki kibanda chetu cha mtaa wa Kimanga, mbele ya nyumba, cha kuchapia barua na mialiko, na kalamu ya bic mkononi. Naandika Kiswahili cha shule, maana huko Dar es Salaam unakokwenda barua inaweza kuangukia mikononi mwa mtu, akasema mama yake Sifa hakusoma. Ulimi ukinitoroka, univumilie. Na wakikucheka ukisema "minye" badala ya "mimi", uwacheke na weye.

Sitakuambia uchemshe maji, wala usitembee na simu mkononi, wala usikubali kila anayekuita dada. Mama yako mkubwa amekuambia hayo yote tangu Jumapili, na mengine amerudia. Minye nina jambo moja tu, nalo nimelikalia miaka kumi na mitano. Kesho ukishavuka mpaka pale Kavimvira sitakuwa na nafasi tena ya kulisema nikikutazama, na kusema kweli hata leo siwezi kulisema nikikutazama. Ndiyo maana nimengoja utoke.

Wiki iliyopita Josué alikuja. Nilikuwa ndani napanga karatasi, dirisha wazi, ninyi mmesimama nje. Mlitengeneza wote wawili ile programu ya simu kwa ajili ya wanawake wanaouza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, yeye akiandika programu na weye ukichora kila ukurasa, na kwa kazi hiyo watu wa Dar wakakuita. Yeye anabaki na wale wanawake. Nilimsikia akisema, "Sifa, kabla haujaenda, uniachie faili na makalke yake. Wakiomba kubadili kitu nitafanya nini?" Nawe ukamjibu, "Nitakutumia picha." Akasema picha iliyobanwa, tabaka zote zimeshikana, haina kazi kwake. Ukacheka, ukamwambia, "Makalke ni jikoni mwangu, Josué. Mgeni hulishwa sebuleni."

Nami nikacheka ndani, peke yangu. Nilisema moyoni, huyu ni mwanangu kabisa. Kisha nikakumbuka nani alikufundisha maneno hayo, na yalimgharimu nani, nikaketi. Josué aliondoka bila kuaga, umeona? Kijana yule ambaye hata mbuzi wetu anawaaga.

Acha nianze mwanzo.

Kabla hujazaliwa, nilimchorea bwana harusi mmoja mwaliko wenye mawaridi. Nilikuwa najifunza mashine, na kila waridi nililiweka kwenye kalke yake, kama mtu anayepanga karatasi nyembamba zinazoonyesha chini, moja juu ya nyingine: hii ya mandhari, hii ya maua, hii ya majina. Siku nne nilichora. Bwana harusi akaomba faili nzima, abaki nayo kama ukumbusho. Nikampa, na makalke yote, bila hata kufikiri. Mwezi haukuisha, nusu ya Kimanga ilioa kwa mawaridi yangu. Deo, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameipata ile faili, anafunga kalke ya majina na kufungua nyingine, basi, mwaliko tayari. Na kila asubuhi alinisalimu kwa sauti, watu wote wasikie: "Mama! Mawaridi yako yanaendelea vizuri!"

Nikaapa. Tangu siku ile mteja wangu alipata picha iliyobanwa, kila kitu kimeshikana, hakuna cha kuvuta wala kusogeza. Makalke yalibaki kwangu. Wewe ulikulia ndani ya kiapo hicho, ukakinyonya na maziwa.

Ulipokuwa na miaka saba, mkuu wa kile kituo cha afya cha barabara ya Kavimvira alinijia. Titulaire, hivyo ndivyo sote tulivyomwita, mtu mwembamba wa maneno machache na baiskeli isiyo na breki. Kituo kilikuwa kimepata mashine za zamani, na kijana mmoja wa Bujumbura alikuwa anawaandikia programu ya mapokezi: mgonjwa anafika, mtu wa mlangoni anabonyeza butoni la shida yake, inatoka namba, anaelekezwa foleni yake. Kijana alijua programu, lakini sura ya skrini alikuwa anaichora kama mtu anayepanga matofali. Titulaire akasema, "Mama Sifa, weye njo unajua kuchora. Utuchoree."

Sijawahi kupenda kazi kama ile. Kurasa kumi na mbili! Kwanza nilipaka nyuma rangi ya kijani kama ubao wa shule, nikaona wazee wanakaza macho, nikaibadili. Mabutoni niliyafanya makubwa, kila moja kama kipande cha sabuni, kwa sababu wanawake wa mapokezi mikono yao ilikuwa inatetemeka wakishika suri, kile kipanya cha mashine. Nilikuwa nachapa ukurasa kwenye karatasi, napeleka sokoni, namwambia muuzaji wa majani ya sombe, "Ukiwa na homa, utagusa wapi?" Akigusa pengine, narudi nachora upya. Maneno niliyaweka juu ya yote, kila lugha na kalke yake: Kifaransa, Kiswahili, Kifuliiru alichonipa baba yako, na Kirundi nilichopewa na jirani yetu wa bondeni. Kando ya kila kalke kuna lile jicho dogo, unalijua. Ukilifungua maneno yanaonekana, ukilifunga yanapotea, na mabutoni yanabaki mahali pake. Nilikuwa nafungua na kufunga yale macho jioni nzima kama mtoto anayecheza na taa.

Kitu kimoja kilinishinda: picha ya mama mwenye mimba. Nilimchora mara tano. Kila niliyemwonyesha alisema ni mwanamke aliyeiba boga. Weye mwenyewe uliuliza, "Mama, huyu anakimbia polisi?" Nilikufukuza, nikamwacha hivyohivyo.

Siku ya kukabidhi, kijana wa Bujumbura aliomba faili na makalke. Nikabana kila kitu, Kifaransa na Kiswahili vikiwa vimefunguliwa kama walivyoagiza kwa kuanzia, nikampa picha kumi na mbili. Alipiga simu akilalamika, "Mama, umenipa bugali, nami niliomba unga." Nikamwambia unga nausaga minye. Akachoka, akazitumia vile zilivyo. Programu ilifanya kazi, na Titulaire alinishukuru mbele ya watu wote wa kituo. Habari unayoijua weye, ile ninayowasimulia wageni, inaishia hapo. Mama Sifa alichora skrini ya kituo cha afya, makofi.

Sasa sikia iliyobaki.

Mwaka uliofuata milio ya risasi ikashuka kutoka milimani. Baba yako alikuwa amekwisha kuvuka kumpeleka bibi yako Bujumbura, kwa hiyo tulikuwa minye na weye tu. Tulikimbilia Kavimvira kwa mama yako mkubwa, kungoja kuona kama tutavuka au tutarudi. Mashine niliiacha, nani anabeba mashine kichwani na mtoto mkononi? Lakini nilichomoa flashi, ile nyeusi yenye kazi zangu zote, nikaifunga fundo kwenye pindo la kitenge changu cha kijani, kiunoni, pale ambapo wenzangu walifunga pesa. Weye ulikuwa unanishika palepale tulipokuwa tunatembea. Ulikuwa unajua kilichomo.

Siku ya tatu Titulaire akafika na baiskeli yake. Weye ulikuwa kisimani na binamu zako. Aliniambia kituo hakikufungwa, watu wa bonde wamejaa hadi chini ya miti. Wanawake wake wa mapokezi wamekimbia. Aliyebaki mlangoni ni msichana mmoja wa bondeni, mkimbizi na yeye, aliyesomea Burundi: Kirundi anakisoma vizuri, lakini Kifaransa na Kiswahili vinampiga chenga. "Ulisema Kirundi kipo," aliniambia. "Deo iko na jenereta na mashine yake bado. Ukitoa ile faili yenye makalke, yeye anafungua Kirundi, anaweka picha mupya pa nafasi ya ile ya zamani, inaisha leo."

Sifa, nilisikia neno moja tu katika hayo yote. Deo. Risasi zinalia, watu wanalala chini ya miti, na minye nikaona mawaridi yangu. Nikaona kurasa zangu kumi na mbili mikononi mwake, nikaona vita vinaisha na kila kituo cha afya kuanzia hapa hadi Fizi kinakwenda kwake. Mkono wangu ulikuwa juu ya fundo. Nikamwambia, "Aa, Titulaire, minye siko nazo. Zimebaki mu mashine." Akasema pole. Aliniambia pole minye, kwa hasara yangu! Akapanda baiskeli akaenda.

Deo alijaribu kuzifuta herufi kwenye zile picha zilizobanwa na kuandika upya, lakini kila alipofuta neno, butoni lilifutika nalo, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya saa chache. Basi Titulaire akafanya alichoweza. Alichukua sparadra, ile plasta ya kufungia vidonda, akaikata vipande, akaandika Kirundi juu yake kwa bic, akavibandika kwenye kioo cha skrini, kipande juu ya kila butoni la ukurasa wa kwanza.

Weye ni mtu wa kazi hii, umekwisha kuona kosa. Ukurasa unabadilika, sparadra haibadiliki.

Yule msichana hakuambiwa, au aliambiwa katika kelele zile asisikie. Asubuhi moja alifika mwanamke mmoja wa bonde, mimba yake imefika, uchungu umeanza usiku njiani. Skrini ilikuwa imebaki kwenye ukurasa wa pili tangu mgonjwa aliyetangulia. Sparadra ilisema wajawazito, msichana akabonyeza. Chini ya sparadra, ukurasa wa pili, pale ni chanjo ya watoto. Ikatoka namba ya chanjo, na mama yule akaelekezwa baraza la nyuma, kwenye foleni ya wanawake wenye watoto mgongoni. Alikaa pale tangu asubuhi hadi jua la utosi. Hakupiga kelele. Alifikiri ndivyo wanavyofanya mjini. Alijifungulia kwenye benchi, akavuja damu nyingi, na Titulaire ndiye aliyembeba mikononi kumwingiza ndani. Siku mbili hawakujua kama atabaki.

Haya yote Titulaire alikuja kutusimulia mwenyewe, safari yake ya pili. Hakuja kuomba kitu. Alikuwa anapita, macho mekundu, akaomba maji ya kunywa. Ilikuwa adhuhuri, sisi tumekaa ukingoni mwa nyumba, weye miguuni pangu unamenya maharage. Alisimulia polepole, kikombe mkononi, na aliposema bado hawajui kama yule mama atapona, nikaanza kulia. Machozi ya kweli, Sifa, sikuwa naigiza. Lakini mdomo nao ukaendelea na kazi yake. Nikasema, "Yoo, Titulaire, kama ningekuwa nazo zile kalke! Kama ningekuwa nazo tu!"

Nawe ukainua kichwa kutoka kwenye maharage, ukaniambia kwa sauti ya mtoto anayemsaidia mama yake kutafuta ufunguo: "Mama, ile kitu si iko mu kitenge yako?"

Nilikupiga kofi. Hilo ndilo ninalokuandikia. Nilikupiga kwa mkono wote, sikio na shavu, maharage yakamwagika. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa umesema kweli, tena uliisema kwa upendo, ukidhani nimesahau.

Hukulia. Uliweka mkono mdomoni, ukanitazama.

Titulaire aliweka kikombe chini. Alisema, "Mama Sifa, mutoto hana kosa." Halafu akanyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Hakuniuliza kwa nini, na mpaka kifo chake hakuniuliza. Lile fundo lilikuwa limekazwa na jasho la siku zile, vidole vilishindwa, nikalifungua kwa meno mbele yake, mbele ya mama yako mkubwa, mbele yako. Aliifuta flashi kwa shati lake akaondoka, na baiskeli yake ile isiyo na breki aliishusha barabara mbio mpaka nikamhofia.

Kesho yake jioni sparadra zilikuwa zimebanduliwa. Deo alifungua jicho la Kirundi kwenye kurasa zote kumi na mbili kabla jenereta haijanyamaza. Kazi niliyoificha wiki nzima haikumchukua hata saa mbili.

Yule mama alipona. Niandike tena, kwa sababu napenda kuliandika: alipona, na mtoto akaishi. Nilimshukuru Mungu kwa magoti na sijaacha. Mtoto ni msichana, anaitwa Goreti, na mama yake ndiye yule Mama Goreti wa soko la Kavimvira. Sasa umejua kwa nini nyumba hii haili mihogo ya mtu mwingine, hata mwaka ule ilipokuwa michungu na baba yako akagoma. Namsalimu kila wiki, tunacheka, ananiongezea kipande. Sijawahi kumwambia.

Turudi kwako. Baada ya kofi lile, wageni wakija, ulikuwa unaweka mkono mdomoni. Miezi mingi, Sifa. Mtu anakuuliza jina lako, weye unanitazama minye kwanza, mkono mdomoni, uone kama inaruhusiwa kujibu. Na wageni wanasema, loo, mtoto wa adabu! Nami naitika, eeh, nimemlea. Ulipokuwa mkubwa ukaniuliza mara moja kwa nini nilikupiga siku ile ya maharage. Nikakuambia ni kwa sababu watoto hawaingilii mazungumzo ya wakubwa. Ukakubali. Hilo linaniuma kuliko kofi, kwamba ulikubali.

Halikuwa kosa lako. Ni la kwangu lote. Naomba unisamehe, na usipoweza leo, nitangoja.

Na sasa asante, maana nilipokaa kuandika nilifikiri nitaandika majuto tu, kumbe kalamu inataka kushukuru. Asante kwa ile sentensi yako. Bila hiyo ningeondoka pale na fundo langu, sparadra zingebaki, na mama wa pili na wa tatu wangetumwa nyuma. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na siku ile karibu niwazuie kuzaa hata wengine. Weye ulinivua mbele ya watu ukaniokoa, na mshahara wako ukawa kofi.

Na asante kwa yule Deo. Tuliporudi Kimanga kibanda hiki kilikuwa kitupu, hata waya zilikuwa zimeng'olewa. Nimesimama pale na weye, sina hata kiti, namwona anavuka barabara na flashi mkononi. Nikajisemea, ameshanakili kila kitu, anakuja kunicheka. Akasema, "Mama, makalke yako uliyaita majina gani hayo? Kalke moja, kalke moja kopi, kopi ya kopi! Nilitaka kulia. Nimeyapa majina." Na kweli, kila moja alikuwa ameiandikia kilichomo: maneno ya Kirundi, maneno ya Kifuliiru, mabutoni, mandhari. Nilimwuliza kama ameyachukua. Akasema, "Mawaridi niliiba, siyo uongo. Hii ni ya wagonjwa."

Nilimshukuru, unadhani? Nilimwambia, "Umegusa mandhari, rangi imebadilika." Haikuwa imebadilika hata kidogo. Naye akanipa nusu ya siku, kila siku, kwenye mashine yake mpaka nikapata ya kwangu, na weye akakuketisha kando yake akakufundisha. Ni kwenye mashine ya Deo ulipomchora yule mama mwenye mimba, ukiwa na miaka tisa: mkono mmoja kiunoni nyuma, mwingine juu ya tumbo, kidevu juu. Mistari saba tu. Wanawake sokoni walimgusa bila kuuliza. Titulaire alimweka kwenye skrini, na yule wangu wa boga akastaafu. Asante na kwa hilo.

Leo ulipotoka nimekupa chupa ya mawese umpelekee Papa Deo, ukauliza ya nini, nikasema peleka tu. Ni asante ya miaka kumi na mitano. Chupa ni ndogo, najua.

Sikuambii kwamba kila mtu ni Deo. Watakuibia huko, tena watakusalimu asubuhi. Ukiibiwa waridi, lia, piga kelele, chora lingine, weye unaweza kuchora lingine. Lakini skrini ya watu si waridi langu wala lako. Wale wanawake wa ndagala kesho kutwa watataka neno libadilishwe, na weye uko Dar, na Josué atachukua nini, sparadra?

Kesho asubuhi atakuja kutusaidia kubeba sanduku. Atakuja, namjua, hata kama amenuna. Sikuamuru kitu. Umri wako si wa kuamriwa, na nimeona mkono wangu unavyoamuru.

Mimi nami nina la kufanya kesho. Ukishavuka kile kizuizi, nisipokuona tena, sitapanda pikipiki kurudi Kimanga. Nitaingia sokoni, nitaketi kando ya Mama Goreti kwenye gunia lake, na nitamwambia kwa nini alikaa kwenye foleni ya chanjo. Naogopa, Sifa. Nimewahi kupita chini ya risasi nikiogopa kidogo kuliko hivi. Uniombee utakapokuwa kwenye basi.

Juu kabisa ya sanduku, kama baba yako ataweza kulifunga, utakuta kitenge cha kijani. Kimechakaa, usikivae mbele za watu wa Dar. Kwenye pindo lake kuna fundo. Nimelifunga legelege, halihitaji meno. Ndani ni flashi ileile, na faili ileile ya kituo cha afya, kurasa zote kumi na mbili, hakuna kalke iliyobanwa, kila moja na jina alilolipa Deo. Ya juu kabisa ameiita "Mama, mchoro wa Sifa". Wenzako wapya wakitaka kuona kazi yako ya kwanza, waonyeshe hiyo, wafungue wenyewe, wavute, wasogeze.

Na siku mtu atakapokuja kwako amechoka, akuulize kama unacho kitu fulani, nawe unacho kiunoni, usingoje mtoto wako akujibie.

Mama yako,
ambaye bado anasikia zipu uani